Sikio ya Kushoto

Zaina,

Najua si wewe unasoma. Anayesoma ni Solange. Umekaa pembeni yake, kichwa umeinamisha kidogo vile unafanyaka ukisikiliza, na maneno yangu iko natoka mu mudomo ya mwanamuke ambaye simupendi. Nilifikiri sana juu ya hiyo. Telefone yako inasomaka message na vitabu, lakini maandishi ya mukono wangu inaishinda. Ulijaribisha siku moja na karatasi nilileta toka depo, ikasoma kama mulevi. Nilijaribu audio ya WhatsApp. Nilisema "Zaina", nikajisikia, nikafuta. Nikasema tena, nikafuta tena. Basi ilibaki karatasi, na ukisema karatasi, umesema Solange.

Madame Solange, soma vile imeandikwa. Fasi nimekusema vibaya usipunguze.

Saa hii naandika, jua bado iko. Uko kwa tantine Asha anakusuka nywele ya safari, na mimi niko peke yangu ku mulango, karatasi ku goti. Sitakuambia mambo ya nguo, ya chakula, ya kuswali. Tantine ameshakuambia, na yule akianza hamalizi. Mimi baba yako nataka kukuambia kintu kingine. Niko na wivu. Si ile ya kuchekesha batu. Ni ile inanifanya naweka ugali mu mudomo nasikia kama vumbi ya simenti. Ilianza siku ya teatri. Nilidhani itapita kama mafua. Kesho unaenda Kigali na bado iko, basi ni heri uijue vile iko, usije kuisikia kwa batu.

Nianze mbali kidogo.

Surua ilipokutoa macho ulikuwa mudogo, ulikuwa unakimbia tu mu nyumba. Asubuhi moja ukaanza kugonga mulango na paji ya uso. Mama yako, Mungu amurehemu, hakulia mbele yako. Alianza kukupatia kila kintu mu mukono. Kuku. Majani ya muhogo. Moto, mbali kidogo, usikie vile inakuja. Alikuwa anapeleka mukono yako ku uso ya bageni, bengine balikasirika, yeye hakujali. Mimi sikuwa na ile akili. Mimi nilikuwa na sauti.

Unajua niko karani ngufu, mubebaji, ninapakia simenti, lakini kazi yenyewe haujaiona na mimi sijawahi kukuambia vile iko. Iko hivi. Kamyo inasimama mu depo. Ubao inatoka chini inapanda mpaka nyuma ya kamyo. Karani anabeba mufuko ku kichwa, na chini ya mufuko amevaa gunia, ameikunja inashuka mpaka ku macho, vumbi isimuingie. Anaona miguu yake tu. Basi lazima muntu mumoja asimame pembeni ya ubao kuita. Ubao. Panda. Simama. Geuka. Tupa. Huyo muntu ni mimi, tangu goti yangu iliharibika. Muntu wa kuita hasemi kama mbingu iko nzuri. Anasema ile itafanya mwenzake asianguke, anafunga mudomo, anangojea mwengine.

Na wewe nilikuita vilevile. Jiwe. Maji. Shuka. Moto, simama. Tulivuka Kamembe yote hivyo, mukono yako imeshika mukaba wangu kwa nyuma. Benzangu ba depo balikuwa banapiga kelele: "Dereva, hiyo remorke unakokota nyuma leo imebeba nini?" Na wewe ulibajibu siku moja: "Leo remorke ndiyo iko nasukuma, kamyo imekosa mafuta." Balicheka mpaka mumoja akaangusha mufuko ukapasuka. Mimi nilivimba. Mu dunia yote hakukuwa muntu anajua fasi ya kuweka muguu yako kunishinda mimi. Nilijiambia: mimi ndiye macho ya huyu mutoto. Nilikosea. Nilikuwa muntu wa ubao.

Mama yako alipotutoka, ukaanza kuniuliza mambo ya kumuuliza yeye. Tulikuwa Cyangugu chini, ku ziwa. Ukasema, Papa, ziwa iko aje? Nikasema iko nzuri. Ukasema, nzuri aje? Nikasema ni maji, Zaina. Ukanyamaza, na mimi nikafurahi juu umenyamaza. Nilidhani umeshiba.

Halafu akakuja Espérance, mutoto ya jirani yetu hapa Mururu. Yule mutoto hakuwa na breki mu mudomo. Anakuambia kitenge ya mama fulani iko na samaki mbili zinapigana mabusu pale pa makalio. Anakuambia mwalimu anatembea kama bata amekanyaga moto. Unacheka mpaka unakaa chini. Nilimufukuza. Nilisema atakuangusha mu mufereji. Hakukuangusha hata siku moja, na wewe ulinijibu hivyo hivyo, ukakula siku nyingi bila kuniambia aksanti. Ukweli ni hii: nilikuwa nasikia kicheko yako inje, na mimi siko ndani yake. Basi. Espérance akakua, akaolewa Bugarama, na mimi nilibaki nakuita mawe.

Mama yako alikuwa ananijua. Nilimukasirikia juu ya redio yake, alikuwa anaiweka ku sikio akicheka peke yake. Aliniambia: "Wewe siku moja utapiga ukuta juu nimeuegemea."

Sasa teatri.

Shefu wa mudugudu alipita anasema kuko batu batacheza teatri mu ile nyumba kubwa ya mikutano Kamembe, na basioona banaitwa, bure, batawekewa bintu mu masikio. Nilisema upuuzi. Teatri ni ya macho. Kupeleka mutoto asiyeona ku teatri ni kama kumupeleka ku arusi umufunge mudomo. Ulisema utaenda, kama si na mimi, na tantine. Nikavaa viatu.

Tulifika mapema juu ndivyo balisema. Na huyu Solange akatutokea mbele. Acha nikuambie vile iko, juu najua mwenyewe hajakuambia. Ni mufupi. Nywele imekatwa kama ya mwanaume. Iko na nafasi kati ya meno ya mbele. Viatu ya raba, bila soksi. Anasimama karibu sana na muntu akisema. Aliwaita ninyi basioona mupande kule juu fasi banachezea, mushike bintu mbele batu bajaingia. Ulishika mulango iliyosimama peke yake bila nyumba. Ulishika kiti, jembe, koti ya baridi. Ulishika ndevu ya mumoja wa bachezaji, ya pamba, ikatoka mu mukono yako, na yeye akasema rudisha, ni ya kukodi. Mulicheka wote. Nilikuwa chini na viatu yangu ya simenti, naangalia mukono yako iko natembea ku bintu ya batu bengine, nikamukumbuka mama yako, nikachukia.

Akakuwekea ekuteri. Moja tu, mu sikio ya kuume. Aliniambia na heshima: "Papa Zaina, sikio ya kushoto tunaiacha wazi, asikie bachezaji wenyewe." Halafu akaenda nyuma kabisa, akaingia mu kakabine ka mbao na kioo mbele, akashika mikro.

Mimi nilisikia neno moja tu: kushoto iko wazi. Nikakaa kushoto.

Teatri ilikuwa ya bwana alienda kutafuta kazi miaka mingi, anarudi, anakuta bibi ameshaolewa na mwengine mu ile ile nyumba. Unaijua kunishinda. Lakini vile mimi niliiona haujui. Mimi niliona kamyo. Muntu akipanda ngazi, nakuambia: ngazi, anapanda. Muntu akitoka, nakuambia: anatoka, kuume. Yule bwana wa pili akiingia, nikakuambia: huyu ni mushenzi, atamupiga. Hakupiga muntu. Alileta maji ya kunywa. Niliona mwengine amejificha nyuma ya kitambaa na jembe, nikakuambia kabla atoke, na batu ba mbele yetu balisikia, mumoja akageuka akasema: "Mzee, hiyo redio yako inafungwaka wapi?" Kicheko. Wewe haukucheka. Ulisogeza kichwa kidogo upande wa kuume, kama muntu anakimbia inzi.

Na kila mara, Zaina, ulikuwa unacheka na kintu sikisikii. Huyu mwanamuke iko ndani ya sikio yako ananong'ona, na mimi baba yako, bega yangu iko ku bega yako, sijui anasema nini. Ungekuwa umeolewa ningevumilia.

Ikafika pale. Bwana wa kwanza amefika ku mulango. Hakuna muntu anasema. Hakuna muziki. Nyumba yote kimya, hata batoto. Nikageuka nakuangalia, machozi iko nashuka ku uso yako. Nikaogopa. Nikakuambia: "Hakuna kintu, Zaina. Amesimama tu."

Ukainua mukono, ukaweka kiganja ku mudomo yangu. Si ku bega, ku mudomo kabisa. Ukasema polepole: "Nyamaza, Papa. Niko naona."

Nilibaki hivyo, mukono yako ku mudomo yangu, mpaka yule bwana alipogeuka akaenda. Sikumbuki mwisho ya teatri. Batu balipiga makofi, mimi nilipiga juu balipiga.

Mu njia ya kurudi haukushika mukaba. Ulishika fimbo yako nyeupe. Nilikuuliza alikuambia nini pale pa kimya. Ukasema alikuambia: "Ameshika mulango. Mukono inatetemeka. Haingii." Nikauliza na nini tena? Ukasema basi, akanyamaza, alituachia.

Mukono inatetemeka. Mimi sikuiona. Niko na macho mbili, nilikaa karibu kumushinda, na sikuiona, juu nilikuwa nangojea aingie ao atoke.

Kesho yake nilienda kumutafuta. Hii unaijua nusu, maana alikuambia tulisalimiana. Hatukusalimiana. Alikuwa anakunja kamba za umeme. Nilimuuliza nani alimupa ruhusa ya kuliza mutoto wangu. Akaniangalia, akasema mutoto wako ni mwanamuke muzima, alilia mwenyewe. Akasema alikuwa ananisikia toka mu kabine, sauti yangu ilikuwa inavuka mpaka kule. Nikasema sauti yangu ndiyo imemukuza. Akasema:

"Papa Zaina, mimi nasemaka pale bengine banyamaza. Wewe ulisema juu ya sauti ya kila muntu."

"Kumbe banakulipa kwa kunyamaza?"

"Sehemu kubwa, ndiyo."

Alisema bila kucheka. Nilitaka aseme kintu kibaya nimutukane vizuri, hakusema. Akaniambia kama kazi yake ni kusema jicho imeona nini, na kuacha muntu aamue mwenyewe nani mushenzi. Nikamuambia mushenzi namujua toka mbali. Akasema na yule aliyeleta maji? Nikaondoka.

Ile siku ile ile alikuuliza wewe ku telefone fasi gani haukuelewa. Na wewe, mutoto wangu, bila haya, ukamuambia. Ukamuambia kule katikati alisema "ana huzuni", na wewe haukutaka huzuni, ulitaka kujua uso imefanya nini. Ukamuambia alikuambia koti imetundikwa ku kiti wakati wewe ulishika kiti na koti na ile kiti haina mugongo wa kutundika koti, kwa hiyo ulipotea, ulitafuta koti fasi zote mpaka ukakosa maneno ya bibi. Akacheka na yeye mwenyewe, akaomba musamaha. Na ndiyo akakuambia kama bako natafuta muntu kama wewe kule Kigali, akae mu mazoezi na ekuteri, aseme pale pote anapotea, mbele batu bajalipa tiketi. Kazi, na mushahara, na chumba mu nyumba yake.

Ulikuja unakimbia kuniambia. Na fimbo. Haujawahi kukimbia na fimbo.

Nikasema hapana. Nikasema Kigali kuko kamyo mingi. Nikasema teatri haiko kazi, iko mchezo. Nikasema batakutumia kwa picha halafu bakuache ku barabara. Hiyo ya mwisho inaweza kuwa kweli, fungua masikio. Lakini si juu ya hiyo nilikataa. Nilikataa juu ulianza kumuita yaya Solange, kama dada yako mukubwa. Nilikataa juu jioni unakaa na telefone, anakuambia vile nguo za bachezaji bapya ziko, na unacheka ile kicheko ya Espérance. Nilikataa juu ulianza kunisahihisha. Nikisema yule muntu ni mubaya, unasema: "Usiniambie ni mubaya, Papa, niambie amefanya nini." Mu nyumba yangu.

Halafu nikafanya upumbavu mukubwa. Nilikupeleka tena ku ziwa. Haukujua juu ya nini, sasa ujue. Nilitaka kumushinda. Nilijitayarisha mu njia yote. Tukasimama pale chini karibu na bamama banauza samaki ya sambaza mu beseni, nikasafisha koo, nikaanza. Nikasema: maji. Nikasema: mutumbwi moja. Nikasema: batu iko ndani. Halafu ikaisha. Wewe ukasema na huruma, endelea Papa. Ile huruma ilinichoma. Nikaendelea. Nikasema kuko ndege nyeupe, kubwa, imekaa mbele ya mutumbwi, imefungua mabawa, inaangalia Bukavu. Nilisema vizuri, hata mimi nilipenda. Ukatabasamu. Na mama mumoja wa sambaza, aliyekuwa anatusikiliza, akasimama, akaweka mukono ku macho, akasema: "Mzee, hiyo ndege iko wapi?"

Nikasema imeruka.

Akasema: "Mutumbwi pia imeruka?"

Juu hata mutumbwi ilikuwa imeshapita zamani. Balicheka bote, beseni zote. Wewe pia. Nilikasirika na wewe mpaka tulifika nyumbani, na wewe ulikuwa unajua, ulikuwa unashika mukaba wangu kwa nguvu, ukitingishika na kicheko.

Hiyo ndiyo mimi nimejifunza na uzee wangu, ichukue ama iache. Nilipokupa mawe na maji, nilikupa kweli. Ilikuwa kidogo, lakini kweli. Siku nilitaka unipende kumushinda mwengine, nikakupa ndege haiko. Utakutana na batu hivyo. Bengi bao watakuwa banakupenda. Watakuambia gari yao, nyumba yao, sura yao. Kijana akikuambia iko muzuri wa sura, muulize kwanza Solange. Hapo namupa ruhusa, ndiyo fasi peke yake.

Na ukiona Solange naye ameanza kukuongezea ndege, mukatalie. Juu atachoka siku moja, atakuwa na shida zake, na atakuwa anakupenda, na atataka ucheke. Usimuheshimu sana. Ile kazi umepewa ni ya kusema "hapa nimepotea". Ukianza kuona haya ya kuisema, rudi Mururu. Mimi niliona haya miaka mingi. Wenzangu ba depo banajua kusoma kidogo kunishinda, na nikikosa neno nafanya kama naijua, napotea peke yangu na kichwa juu. Haisaidiangi kintu.

Siku ile nilikubali, haukujua sababu gani. Ulidhani tantine alinisema. Tantine alinisema, ndiyo, kama kawaida. Lakini ni wewe. Ulikuwa unaosha sahani, ukaniuliza bila kugeuka: "Papa, unataka nibaki juu ya macho yangu ao juu ya mudomo yako?" Nilitafuta jibu. Nilitoka inje nikalitafuta. Nikashuka mpaka ku barabara, nikarudi. Nikasema enda. Neno moja. Ulingoja kama nitaongeza, sikuongeza, na ukadhani nimekasirika. Sikukasirika. Neno ingine yote iliyokuwa mu mudomo yangu ilikuwa ya kukushika mukono.

Usifikiri sasa nimepona. Jana nilisikia unamuambia Solange ku telefone "nitakuona kesho kutwa", na nikaenda kupasua kuni zisizohitajika. Nina wivu juu ya chumba yako ya kule, juu sijui mulango iko upande gani ya kitanda. Nina wivu juu ya batu bote batakaa mu giza na ekuteri wakisikia maneno umesafisha wewe, na mimi nitakuwa hapa naita ubao, panda, tupa, kwa banaume banene hawasemi aksanti. Nina wivu hata juu ya yule bwana wa mulango. Alisimama tu, hakusema neno, na alikuliza. Mimi nimesema maisha yangu yote.

Solange alinialika nije Kigali siku ya kwanza ya teatri mupya. Alisema nitapata kiti na ekuteri yangu mwenyewe, nisikie vile wewe unasikia. Nilimuambia goti inauma. Inauma kweli, lakini ingefika. Sitakuja hiyo ya kwanza. Nitakaa pale nitamusikiliza yeye akikufanyia vizuri, na nitachukia, na utanisikia nimechukia, maana unanisikiaka hata nikinyamaza. Niache kidogo. Labda ya pili. Nikija nitakaa kuume, upande wa ekuteri, nisikuzibe ile nyingine.

Hapa ningesema kwaheri, lakini kuko kintu imebaki, na si yako, ni ya Solange.

Madame Solange. Nimekuambia usome hii barua basi ikisimama Huye, batu bakishuka kukunywa, siyo mbele ya hapo. Sasa muko Huye. Asubuhi mulitoka Kamembe. Wewe ulikaa ku dirisha, nilikuomba ukae ku dirisha, haukuuliza sababu. Mimi nilikuwa chini, pale gare, fasi basi zinasimama, kati ya batu ba maandazi na bashoferi. Basi iliwasha moto, ikarudi nyuma, ikageuka, ikatoka.

Mimi naandika hii leo, safari ni kesho. Sijui nilifanya nini. Najua nimejiambia nitasimama wima nipungie mukono kama banaume, na najijua, labda sikufanya hivyo. Labda niliita. Labda nilikimbia na hii goti, batu bakanicheka. Labda niligeuka nikaenda kazini mbele basi itoke, ningeweza, ni mimi. Zaina anajua uso yangu na mukono yake kumushinda muntu yeyote. Lakini mukono yake haikufika inje ya basi. Pale gare, mbele ya batu bote, mutoto wangu alikwenda na hakuwa na muntu wa kumuambia baba yake iko aje. Ni wewe peke yako uliniona.

Inaniuma kukuomba. Nimeishi na huyu mutoto tangu azaliwe na sikutaka muntu mwengine amuambie hata jiwe. Lakini hii moja mimi siwezi kuisema, na ningejaribu ningedanganya.

Weka karatasi chini. Mugeukie. Umuambie uliona nini.